Kadi ya Chanjo ya Mdalasini

Bigwa, Morogoro
11 Juni 2025

Kwa dada yangu Mwanvita,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kifua kimepoa, na watu wa nyumba unayofanyia kazi wanakutendea kama inavyotakiwa. Joto la Muscat mwezi huu nasikia si la mchezo. Sisi huku masika yamekwisha, asubuhi milima haionekani kwa ukungu, na baridi imeanza kushuka hadi mjini. Mwili wangu mimi ni mzima. Barua hii nimempa Zuleha wa Kihonda, anayerudi huko Jumamosi, na ameniahidi kukukabidhi mkononi. Hajui kilichomo. Ningekupigia simu ungesikia neno la kwanza ukakata, na mimi ningeshukuru kwamba umekata. Barua hii unaweza kuichana ukitaka, ila nakuomba uichane ukishafika mwisho.

Siku uliyofika kwetu Kinole uliniuliza ilikuwaje. Nikakujibu kwa maneno machache, watu wakiwa wamejaa kwenye mikeka. Yale niliyokujibu mengine yalikuwa kweli, mengine niliyapanga. Leo nakueleza yote.

Unakumbuka nilipokwambia nimepata kazi kwa Daktari Josephine hapa Bigwa, kwenye kile kituo kinachookota mbwa na paka waliotupwa, kikawatibu, kisha kikawatafutia watu wa kuwafuga. Ulicheka sana. Ulisema marehemu baba angesikia kwamba mwanawe anaosha mbwa kwa mshahara angesusa kula siku tatu. Nilicheka na wewe, ila kazi niliipenda. Mwezi wa kumi na mbili Daktari Josephine akanifanya msimamizi wa chanjo. Nilipewa ufunguo wa chumba cha dawa, daftari, muhuri, na koti jeupe lenye jina langu kifuani. Picha ya lile koti nilikutumia, ukaniandikia kwamba sasa nyumba yetu ina daktari.

Mwezi huohuo dereva mmoja wa lori alituletea mtoto wa mbwa aliyemkuta Mikese, nyuma ya vibanda vya chakula. Alikuwa kwenye mfuko wa saruji uliofungwa kwa waya, yeye na wenzake watatu. Wenzake walikuwa wamekwishakufa. Mbwa wa kuzurura walikuwa wameukuta ule mfuko kabla ya dereva, wakawauma kwa juu juu kupitia kwenye mfuko, na huyu aliyebaki sikio lake la kushoto lilikuwa limeraruka. Daktari Josephine alimtazama manyoya, masikio yaliyolala na miguu minene, akasema mama yake lazima ni retriva, wale mbwa wakubwa wa rangi ya dhahabu, na baba ni mbwa wetu wa mtaani. Alisema mwenye mbwa wa bei mbaya ameona aibu kuzaliwa kwa machotara nyumbani kwake, akaona njia ni mfuko na waya.

Nilimlea mimi. Nilimnywesha maziwa kwa bomba la sindano, nikamsafisha sikio kila asubuhi, na wiki ya tatu akawa ananifuata hadi bafuni. Januari niliandika tangazo lake kwa mkono wangu, Daktari Josephine akaliweka kwenye ukurasa wa kituo: mtoto wa mbwa, chotara wa retriva, mpole, anapenda watoto, amechanjwa, yuko tayari kupata familia.

Familia haikupatikana. Mama mmoja mhadhiri alimchukua, akamrudisha siku ya nne kwa sababu amefukua maua yake. Bwana mmoja wa upande wa Mzinga alitaka mbwa mkali wa kufunga mnyororo getini, akamkanyaga mkia makusudi aone kama atauma. Yule mtoto wa mbwa alilia tu, kisha akamlamba kiatu. Bwana akaondoka akisema hiyo ni takataka. Na Daktari Josephine alikuwa akitaka kabla ya mwisho wa mwezi apate picha ya mbwa aliyepata kwao, awatumie wafadhili.

Ndipo nikamfikiria Mama. Ulikuwa ukimsikia kila mwaka akilalamika kwamba ngedere wanamaliza ndizi na nguruwe pori wanafukua mihogo. Nilipompigia alikataa. Alisema yeye ni mtu wa swala, mate ya mbwa hayataki uani kwake. Nikamwambia mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, akamuulize shehe. Akasema tena hapana. Nikaomba niongee na Semeni wako, nikamweleza mtoto habari za mfuko wa saruji. Dada, nilijua ninachofanya. Baada ya siku mbili Mama akanipigia akisema mjukuu wake hali chakula, basi nimlete huyo mnyama.

Nilimpandisha Kinole kwa bodaboda Jumamosi ya kwanza ya Februari, nimempakata ndani ya kikapu. Semeni alikuwa uani akigeuza magome ya mdalasini juani. Aliweka gome moja ubavuni mwa mbwa, akasema rangi ni moja, na jina likawa hilo. Nikawapiga picha, yeye amekandamiza shavu lake kwenye shingo ya mbwa, meno mawili ya mbele hayapo. Daktari Josephine aliiweka kwenye ukurasa siku ileile. Mama nikampa kadi ya chanjo, ya bluu, jina la mbwa nimelijaza palepale, ina tarehe, muhuri na sahihi yangu. Akaniuliza ile ndiyo nini. Nikamjibu kwamba ile ndiyo inayosema huyu mbwa hawezi kumpa mtu ugonjwa. Akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya kliniki ya Semeni.

Kwa wiki tatu mambo yalikuwa mazuri, na mwenyewe ulikuwa ukipata picha. Ngedere walihama. Semeni akitoka shule mbwa alikuwa anamngoja kwenye kona ya mti wa mnazarethi, na kila alipomshika mbwa, bibi yake alimsimamia kwenye ndoo anawe mara saba, naye akawa anahesabu kwa makusudi vibaya ili anawe nane.

Alhamisi ya mwisho ya Februari Mdalasini alimuuma. Alikuwa amekaa siku mbili chini ya uchaga bila kula, anatafuna kuni na kamba yake mwenyewe. Semeni aliinama kumpelekea ugali na dagaa, mbwa akamvaa shavuni, chini ya jicho, na hakumwachia mpaka Mama alipompiga kwa mchi. Siku ya tatu mbwa alikutwa amekufa migombani.

Hapa ndipo ulipoambiwa, na niliyekwambia ni mimi, kwamba Mama hakumweleza mtu yeyote. Kwamba alipaka manjano kwenye kidonda na kukaa kimya, kwa kukuogopa wewe. Ulipouliza kuhusu chanjo ya mbwa, nilikujibu kwamba hakuna chanjo isiyoshindwa. Wewe, Kinole nzima na mjomba Salehe mkashika hilo. Nitalirudia.

Kidonda kilianza kupona. Ramadhani ikaingia. Semeni alikuwa anajifunza kufunga, anafika adhuhuri anafungua. Wiki ya tatu ya mfungo Mama alinipigia kwa furaha, akasema safari hii mtoto ameweza, tangu jana hataki chakula wala maji, akionyeshwa kikombe anageuza uso. Nami nikasema mashaallah. Nilisema hivyo, dada. Kisha Mama akaongeza kwamba shavu linamwasha sana, anajikuna hadi damu, na mkono unamcheza. Nilikaa na ile simu mkononi baada ya yeye kukata, na nilijua.

Tulimshusha hospitali mjini siku iliyofuata. Mtoto alikuwa na kiu na hakuweza kunywa. Alikuwa anaomba maji mwenyewe, kwa adabu, shikamoo nesi naomba maji, na kikombe kikifika koo linamkaza anapiga kelele na kukitupa. Wodini kulikuwa na feni. Upepo wake tu ulikuwa unamtesa kama anachomwa, akawa ananiambia, "Mjomba, zima upepo." Nikazima feni. Akasema nizime na ule wa dirishani. Ulipokuja uliniuliza kama mwanao aliteseka, nikakujibu kwamba alilala tu, akaondoka usingizini. Hakulala. Walimfunga kitandani kwa vipande vya kanga ya Mama ili asijing'ate. Alikata roho Jumatatu kabla ya adhuhuri, na nusu saa kabla akili yake ilikuwa imerudi safi, akauliza kama Mdalasini amepewa chakula.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, na alikuwa na hasira. Alituambia nje ya mlango kwamba ugonjwa huu mtu akichanjwa mapema baada ya kuumwa hafi, na kwamba ukishapanda kichwani hakuna dawa duniani. Akauliza nani alikuwa na mtoto huyu alipoumwa, na kwa nini hakuletwa. Mama alinitazama. Mimi nikasema, "Huyu bibi hakumwambia mtu, daktari. Hata mimi nimejua juzi."

Mama akainamisha kichwa. Akasema, "Kweli. Sikusema."

Daktari akamwambia mbele ya watu waliojaa kwenye benchi kwamba amemuua mjukuu wake kwa ujinga. Mama akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza maelekezo ya dawa.

Mengine uliyaona. Ulifika Idi imepita, kaburi lina wiki na zaidi. Mama aliinuka mkekani akupokee, ukampita kama nguzo. Ulisema mbele ya wanawake wote kwamba ulimwachia mtoto wako binadamu, kumbe ulimwachia mnyama kuliko yule mbwa. Ulimkataza asikuite mwanangu tena. Sikulaumu hata kidogo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika begi lako. Ulipolia ulilia begani kwangu, ukaniambia umebakiwa na mimi peke yangu.

Uliporudi Muscat Kinole ikaendelea pale ulipoachia. Watoto walianza kumbwekea Mama njiani. Wanawake waliokuwa wakinunua mdalasini wake wakaanza kuununua kwa Theresia wa bondeni. Msikitini hakuna aliyemfukuza, ila mahali alipokaa pakawa panabaki nafasi kulia na kushoto. Na mimi nilipoulizwa nilitikisa kichwa na kusema ndiyo hivyo, wazee wetu wakati mwingine.

Mwezi uliopita ukanitumia ule ujumbe, kwamba nyumba ya Kinole umeijenga wewe kwa mikono yako, kwamba hutaki Mama alale chini ya bati lako, nimtoe kabla mwezi haujaisha na nifunge kufuli. Nilipanda. Nilimsomea ujumbe wako neno kwa neno. Alifunga nguo zake kwenye mafurushi mawili, akakunja mkeka, akafagia vyumba vyote, hata kile cha Semeni, kisha akatoka na kusimama pembeni ili nifunge. Nikafunga, dada. Nikakutumia picha ya kufuli kama ulivyotaka. Nikambebea furushi moja hadi Tegetero kwa mjomba Salehe, na mke wa mjomba akampa stoo ya nyuma, ile ya kuivishia ndizi. Mjomba hakutoka kumsalimia.

Sasa nisome vizuri.

Mdalasini hakuchanjwa kamwe.

Katikati ya Januari, Ijumaa, nilikuwa nakwenda harusini kwa rafiki yangu Abuu. Kanzu yangu ilikuwa na mikunjo. Chumba cha dawa kina soketi moja nzima, nikachomoa waya wa friji ya chanjo, nikachomeka pasi, nikapiga pasi kanzu, nikaondoka. Jumatatu niliporudi friji ilikuwa na joto kama kabati. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikishapata joto siku tatu si chanjo tena. Ningemweleza Daktari Josephine angenifokea, pengine angenivua usimamizi. Ni hilo tu lililokuwa mbele yangu, dada, kufokewa. Nikazitupa chupa zote kwenye shimo la taka, nikaandika kwenye daftari kwamba zimetumika, na nikagonga muhuri kwenye kadi za watoto wanne wa mbwa. Nilijiambia chanjo nyingine zikija nitawachoma kimyakimya. Zilikuja Februari tarehe kumi. Watatu nao walikuwa wamekwishachukuliwa, na Mdalasini alikuwa Kinole, na Kinole ni mbali, na kila wiki nilisema wiki ijayo.

Hilo ni la kwanza, na wala si kubwa.

Mama alinipigia. Siku ileile ya Alhamisi, saa tisa mchana, damu ya Semeni haijakauka. Alikuwa amemfunga kitambaa usoni, amepata bodaboda, yuko njiani kumshusha zahanati ya Mkuyuni. Alinipigia kwa sababu mimi ndiye daktari wa nyumba. Aliniuliza, "Abdulmajid, huyu mbwa ana chanjo? Nina kadi yako hapa, niwaonyeshe?" Nilifikiria kadi ile imeshikwa na mganga, anasoma namba ya chupa, anapiga simu kituoni kuulizia. Nikamwambia ana chanjo, hakuna haja ya kuwasumbua watu wa zahanati, rudi nyumbani umwoshe kwa sabuni. Akauliza mara ya pili kama nina hakika, maana mtoto si wake, ni wa Mwanvita. Nikamjibu kwa kumkaripia. Nikamwambia, "Mama, kati ya mimi na wewe nani amesomea?" Akamgeuza bodaboda.

Na Jumapili akanipigia tena. Alinieleza kwamba mbwa amekufa, mdomo umejaa povu, na kabla ya kufa alikuwa anatembea kama mlevi. Hapo hata mtoto wa darasa la nne angejua. Nilijua. Semeni alikuwa mzima, anacheza, nilimsikia kwenye simu akiimba. Zilikuwa zimepita siku tatu tu. Angechomwa sindano angekuwa darasa la pili sasa hivi. Nikamwambia Mama kwamba mbwa amekula sumu ya panya, amzike na asimwambie mtu, watu wa kijijini wasije wakasema tumeleta mbwa mgonjwa. Nilipanga moyoni kwamba Jumamosi nitapanda nimlete Semeni mjini kwa kisingizio cha kumnunulia viatu vya Idi, nimchomeshe bila mtu kujua sababu. Jumamosi ilipofika tulikuwa na wageni wa kuchukua mbwa. Iliyofuata mvua ilikata barabara. Ndivyo nilivyojiambia, mvua. Bodaboda zilikuwa zinapita.

Siku ya tatu ya matanga niliingia chumbani kwa Mama, nikatoa ile kadi kwenye kopo la biskuti, nikaitia kwenye mafiga chini ya sufuria ya wali wa msiba. Nilipoinua uso Mama alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Aliingia, akapembua mchele.

Siku ya kumpeleka Tegetero, tulipokuwa tumepumzika njiani na mafurushi, nilimuuliza kwa nini alikubali mbele ya daktari, na kwa nini hakukwambia wewe. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisema, "Mwanvita alikuwa na mmoja, ameondoka. Mimi nilikuwa na wawili. Ningesema, angekuua au ungejiua, ningebaki naye peke yake na yeye hana kitu ndani." Mimi nikaanza kumshukuru, nikamshika miguu, nikamwambia Mungu amlipe kwa kunisamehe. Akavuta miguu yake. Akasema, "Sijakusamehe. Nimekuficha. Ni vitu viwili." Akaniambia nikishaweka furushi nisije tena, kwa sababu kila akiniona anasikia ile sauti yangu ya kwenye simu, inamuuliza nani amesomea.

Nilikaa na hayo siku tano, nikafanya kazi, nikala. Siku ya sita walikuja mume na mke na binti yao mdogo kuchukua mbwa, na yule binti alikuwa amemshika mbwa vilevile, shavu shingoni. Baba yake akaniuliza amechanjwa? Na alikuwa amechanjwa kweli, nilimchoma mwenyewe. Nilimwacha amesimama, nikaingia ofisini kwa Daktari Josephine, nikamwambia kila kitu nilichokuandikia hapa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua daftari, akaniamuru nimtajie wale mbwa wengine watatu wako wapi, na tukazunguka naye mji mzima mchana ule, nyumba kwa nyumba. Wawili ni wazima, wamechanjwa. Wa tatu alishagongwa na gari mwezi wa nne, na familia nzima imeanza sindano kwa tahadhari. Njia nzima Daktari Josephine hakuniambia neno isipokuwa kata kushoto, kata kulia. Kesho yake akanipeleka polisi mwenyewe. Nimeandikisha maelezo, naripoti kila Jumatatu, na kesi sijui itakuwa lini. Ile picha ya Semeni aliniambia ataitoa ukurasani. Nilipotazama jana ilikuwa bado ipo, na chini yake mtu ameandika kwamba huyu mtoto na mbwa wake wana bahati.

Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuandika hilo neno mara mbili nikalifuta. Nilipanda Tegetero juzi na ufunguo wa nyumba. Mama hakunifungulia mlango, aliongea nami kupitia ubao. Nilimwambia arudi Kinole, akasema aliyemtoa ni Mwanvita, na wa kumrudisha ni Mwanvita. Nikamwambia nitakuandikia. Akasema nisithubutu. Kwa hiyo hata hili nalifanya kinyume chake, na utakapompigia atakukatalia, atasema mimi nimechanganyikiwa, atasema ni yeye hakusema. Usimwamini. Muulize ile Alhamisi alikuwa anakwenda wapi na bodaboda, na nani alimrudisha. Mwendesha bodaboda anaitwa Evance, wa Mkuyuni pale njia panda, na anakumbuka, kwa sababu Semeni alimtapikia kwenye jaketi.

Stoo ile ina unyevu, na Mama ameanza kukohoa. Simu yake anaizima baada ya magharibi ili betri isiishe, mke wa mjomba hamruhusu kuchaji ndani. Mpigie mchana. Namba ni ileile.

Wasalimie Raya na wale dada wengine mnaokutana nao Ijumaa. Mjomba Salehe anakusalimu. Hajajua bado, na nitakwenda kumwambia nikitoka kuripoti Jumatatu. Salamu za Mama sina za kukuletea.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulmajid